Kuku Kwenye Sura ya Mwisho

Barua ya kwanza niliisoma nikacheka. Ya pili niliisoma nimesimama. Ya tano ilipofika niliikuta imeshafunguliwa juu ya meza ya mhariri, na mhariri wetu hakuwa anacheka.

Aliyeiandika ni mwalimu mstaafu, msomaji wangu wa siku nyingi. Alieleza, kwa mwandiko wa ubaoni, kwamba alinunua *Sindano ya Tisa* kwa sababu yangu. Alikisoma taratibu siku nne ili kisimwishie mapema, mpaka akafika pale mpelelezi anapowakusanya washonaji wote saba kwenye chumba cha cherehani, anafunga mlango kwa ufunguo na kusema kwamba muuaji yumo humu ndani. Mwalimu akafunua ukurasa. Akakuta mchoro wa kuku, na chini yake maelezo ya nini cha kufanya kuku wa mayai anapoharisha kijani.

"Nimemtazama sana huyo kuku," aliandika mwalimu. "Sioni kama ana uwezo wa kumchoma mtu sindano. Lakini wewe umesema sura ya mwisho ni nzuri kuliko zote ulizokutana nazo mwaka huu, kwa hiyo nasubiri unielekeze."

Mhariri alinisomea sentensi yangu mwenyewe kutoka gazeti la Ijumaa iliyopita. Aliisoma polepole, kama mtu anayemsomea mgonjwa majibu ya vipimo: *Sura ya mwisho imesimama wima, weka kikombe chini kabla hujaifungua.* Akaniuliza kama niliisoma. Nikasema hapana. Akaniuliza tena, akidhani sikumwelewa.

Alikuwa ameshapiga simu kwa wachapaji. Karatasi za mwisho za kitabu chetu zilichanganyika na za kijitabu cha ufugaji kilichokuwa kwenye mashine siku hiyo hiyo, na nakala zote zilizokwenda madukani zilikuwa hivyo.

"Kosa la kuku si lako," alisema. "Kosa la kumsifu kuku ni lako. Kesho saa sita mchana nataka maelezo yako ya Ijumaa. Yakiwa ya kukwepakwepa, ukurasa wako nawapa watu wa kandanda."

Ukurasa wangu unaitwa "Chai na Damu". Kila Ijumaa napendekeza vitabu viwili. Kimoja ni cha chai: mtu anauawa kistaarabu kwenye mji mdogo, na anayemnasa muuaji ni shangazi fulani mdaku mwenye paka. Kingine ni cha damu, ukikianza usiku umejitakia. Vitabu hivyo navisaka mwenyewe, kwenye makasha ya mitumba, kwa wachapishaji wadogo wanaotoa nakala mia tatu, kwenye rafu za chini za maktaba ambako hata mfagiaji hafiki. Miaka sita nimefanya kazi hiyo, na wapo watu wanaokata ukurasa wangu na kwenda nao dukani mkononi.

Mwaka wa pili niliteleza. Nilisisimka na kitabu kimoja nikaandika neno moja la ziada, na kila mwenye akili akajua muuaji ni mtunza bustani. Mama mmoja aliniandikia kutoka hospitali. Alikuwa amekihifadhi kitabu hicho akisome baada ya upasuaji, awe na kitu kinachomsubiri. Hakunitukana, na ingekuwa afadhali angenitukana. Tangu siku hiyo niliapa kutosoma sura za mwisho. Asiyeijua siri hawezi kuiropoka.

Fundi ndiye aliyekuwa akizisoma kwa niaba yangu.

Fundi anajalidi vitabu. Meza yake ipo ndani ya duka la vifaa vya ofisi, nyuma ya mashine ya kopi, na ukipita pale unasikia harufu ya gundi kabla hujamwona. Tulijuana nilipompelekea kitabu kilichopasuka katikati. Nilipomweleza kiapo changu hakunicheka. Alichukua kisu chake, akakata sura ya mwisho pasipo kuchana hata uzi, akaifunga kwenye bahasha ya kaki na kunirudishia sehemu iliyobaki. Ikawa ndiyo kazi yetu. Nikimaliza kusoma namwendea nauliza, "Mwisho unasimama?" Naye ananitazama juu ya miwani yake, kwa yale macho yanayonifanya nisahau nimekuja kufanya nini, anasema unasimama, au umelegea kidogo, au huu mwisho ni aibu. Basi. Miaka minne niliyaamini macho hayo kuliko ninavyojiamini mwenyewe. Nilipenda mpaka jinsi anavyonyamaza kabla ya kujibu.

Jumatano hiyo nilimkuta anakaza shinikizo, ile mashine yake ya kubania vitabu. Nikamwekea barua ya mwalimu juu ya mkono wake. Aliisoma, na rangi ikamtoka usoni.

"Uliisoma ile sura?" nikamuuliza.

"Nilikwambia unasimama, Mwandishi."

"Sikuulizi uliniambia nini. Nakuuliza kama uliisoma."

Akavua miwani. Fundi akivua miwani ujue hataki kuuona uso wa mtu.

"Sikuisoma. Niliikata tu, sikutazama kilichomo."

Nikamwambia anipe bahasha. Alikuwa hajakiunganisha kitabu bado, kwa hiyo aliitoa kwenye droo. Ilikuwa imefungwa kwa gundi ukingo hadi ukingo, haijaguswa. Niliichana pale pale. Kuku akanitazama.

Nilianza kutaja vitabu kimoja kimoja. Kile cha daktari wa meno? Hakukisoma. Cha maiti kwenye lifti? Hakukisoma. Kile cha mapacha, ambacho wasomaji waliniandikia barua za shukrani wiki nzima? Akatikisa kichwa. Mwenye duka aliacha kutoa kopi ili asikie vizuri, na mteja wake wala hakulalamika.

"Tangu lini?"

"Tangu mama yako aanze kuzisoma yeye."

Nilidhani nimesikia vibaya. Mama yangu ni karani wa mahakama mstaafu. Miaka thelathini aliandika ushahidi wa watu waongo, na tangu astaafu kazi yake ni kuniambia kwamba hivyo vitabu vyangu vitanifanya nione wauaji kwenye foleni ya mkate. Na Fundi, Mama hakuwahi kumwita kwa jina lolote ila "huyo kijana wako wa gundi". Wazee wa Fundi walikuwa waje Jumamosi kuzungumza habari zetu, na hilo lenyewe Mama alilikubali kwa shingo upande, baada ya mimi kususa chakula chake siku tatu.

Fundi akanieleza akiwa ameikodolea macho meza yake. Miezi minane nyuma alikwenda kujitambulisha kwa Mama, siku ya Jumatatu, mimi nikiwa kazini. Mama alimwacha amesimama mlangoni, akamwambia hana la kuzungumza naye. Lakini akaiona bahasha kwapani mwake akauliza ni nini. Alipoambiwa, akanyoosha mkono. Aliisoma sura yote kasimama wima pale kizingitini, yeye Fundi akiwa chini kwenye ngazi. Alipomaliza akasema huyo daktari alikuwa na funguo mbili na mwandishi amesahau moja, kisha akaufungua mlango.

Kuanzia hapo kila Jumatatu Fundi alikuwa akipeleka bahasha, anakaa kwenye kiti, anaandaliwa chai. Na jioni yake Mama huyo huyo ananiuliza mezani nitaachana lini na kijana wa gundi.

"Anasoma kuliko mimi," Fundi alisema. "Alikuwa anaona makosa niliyoyapita. Nikaona ya nini nami nisome. Na ndiyo njia pekee niliyokuwa nayo ya kuingia nyumbani kwenu."

"Kwa hiyo ulinunua kiti sebuleni kwa Mama kwa kutumia ukurasa wangu."

"Usiseme hivyo."

"Nimeshasema. Funga meza, twende."

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Njia nzima nilikuwa nikijihesabu nguo. Fundi alitembea hatua moja nyuma yangu na hakujaribu kunishika mkono, na hilo nalo lilinikasirisha, kwa sababu angejaribu ningeuondoa kwa nguvu na ningejisikia vizuri kidogo.

Mama alikuwa sebuleni anakunja nguo zilizokauka. Alituona wote wawili, akaiona bahasha iliyochanika mkononi mwangu, akaendelea kukunja shati mpaka mikono yake ikalingana.

"Ameifungua nani?" aliuliza.

"Mimi. Leo."

"Nilijua tu." Akaliweka shati juu ya mengine. "Ilikuwa kwake siku tisa."

Hakukana lolote. Alisema Jumatatu ile alifungua bahasha akakuta kuku, akaelewa mara moja kwamba wachapaji wamevuruga. Akaifunga upya kwa gundi, akampa Fundi na kumwambia unasimama. Alisema hayo kwa sauti ile ile aliyotumia zamani kusoma mwenendo wa kesi, bila kupanda wala kushuka.

"Kwa nini, Mama?"

"Nilitaka kumjua anayetaka kukuoa. Huyu ni mtu wa ndiyo. Kila mtu anampenda kwa sababu hana hapana mdomoni. Mwambie nyumba inaungua, atakimbia kuja kukwambia inaungua, na hatageuka kutazama kama kuna moshi. Nilimwekea mtego mdogo, wa kufungua bahasha tu. Mtoto angefungua."

"Mama," Fundi alisema, "nilikuamini."

"Ndiyo maana nakukataa. Mimi ni nani kwako hata uniamini? Nimekutukana miezi minane." Akanigeukia. "Baba yako, Mungu amrehemu, alikuwa hivyo hivyo. Watu walimlilia mji mzima alipokufa. Hakuna aliyejua kwamba ndani ya nyumba hii hapana zote nilizisema mimi. Kwa mafundi, kwa ndugu zake, kwa walimu wako. Miaka ishirini na sita mimi ndiye mbaya. Sitaki urithi hilo."

Ingekuwa siku nyingine ningemwonea huruma. Siku hiyo sikuwa na nafasi.

"Ulimtega," nikasema, "na amenasa, hongera. Lakini chambo ulichoweka mtegoni ni jina langu. Kuna mwalimu wa watu huko anamtazama kuku akijiuliza kama mimi ni mwongo au mjinga. Kesho naweza kukosa ukurasa. Ulifikiria hilo ulipokuwa unapaka gundi?"

Mama alichukua nguo nyingine, akaikunja vibaya.

"Nilidhani mmoja wenu ataifungua," alisema mwishowe. "Sikumtega yeye peke yake. Hata wewe nilikupa nafasi. Bahasha ilikuwa hatua mbili kutoka unapokaa ukiwa kwenye meza yake."

"Mimi nina kiapo!"

"Kiapo," alisema Fundi.

Nilikuwa nimesahau kwamba yupo. Amesimama karibu na mlango, miwani mkononi, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue alikuwa amekasirika. Hasira haikumkaa vizuri, kama koti la kuazima, lakini alikuwa ameshalivaa.

"Mama, nimekaa kwenye kiti hiki Jumatatu zaidi ya thelathini," alisema. "Nimekufungia makabati, nimekusikiliza habari za kesi zako zote, nikarudi kwangu nasema huyu mama ananipenda ila haonyeshi. Kumbe nilikuwa kizimbani. Ungeniambia tu usoni kwamba hunitaki, ningekuheshimu zaidi." Akapumua, kisha akanigeukia mimi. "Na wewe, Mwandishi. Nimekukosea, sina la kujitetea. Nilikudanganya kila Jumanne ukiniangalia machoni. Lakini usijifanye wewe ni maji safi yaliyomwagiwa matope. Miaka minne unawaambia watu mwisho ni mzuri, na hujausoma. Unaweka jina lako chini ya kitu ambacho hukukiona. Mimi nilijifunza kwa nani? Ulipewa neno na mimi ukalibeba. Nami nikapewa na mama yako nikalibeba. Tofauti yangu na yako ni nini?"

"Tofauti ni kwamba mimi nilikupenda," nikasema.

"Na mimi je? Nilikuwa nakwenda kwa mama yako kutafuta nini?"

Nilikitazama kidole gumba cha Fundi, chenye gundi iliyokauka kwenye ukucha, kidole kile kile ambacho usiku mwingi nimelala nikikifikiria. Nilitaka kukishika na nilitaka kukivunja. Nilimchukia kwa dakika nzima, chuki ya kweli, kwa sababu nilitafuta jibu la kumpa nikalikosa. Nilimwapia yule mama wa hospitali kwamba sitamwambia mtu mwisho. Sikumwapia kwamba nitausifu nikiwa nimefumba macho. Hilo nilijiongezea mwenyewe, kwa uvivu, na kwa sababu nilipenda kuulizwa na kujibiwa na mtu mwenye miwani.

Fundi akashusha sauti. Aliniambia niandike gazetini kwamba kosa ni lake, nitaje hadi mahali meza yake ilipo. Nikamkumbusha kwamba maktaba na shule zinampa kazi kwa sababu ya uaminifu wake. Akasema anajua.

Na Mama, ambaye hakuombwa maoni, akasema hilo sasa ndilo neno la kwanza la maana kulisikia kutoka kwake.

"Nyamazeni wote wawili," nikasema.

Nilisogeza nguo za Mama, nikakaa kwenye meza yake na kuandika. Hakuna aliyeketi. Niliandika kama mtu anayeng'oa jino, nikakata, nikaandika upya, na nilipomaliza niliwasomea kwa sauti. Niliwaambia wasomaji kwamba sura ya mwisho ya *Sindano ya Tisa* niliisifu bila kuisoma, na kwamba kwa miaka minne nimefanya hivyo kwa vitabu vyote. Nilisema nilipewa neno na mtu nikaliuza kama langu, wala sikusema mtu huyo ni nani, kwa sababu jina lililo juu ya ukurasa ni moja. Wachapaji watabadilisha nakala za kila mtu. Na kuanzia wiki ijayo nitasoma vitabu hadi nukta ya mwisho na kuufunga mdomo wangu kwa nguvu zangu mwenyewe, kama watu wazima wengine wanavyofanya.

Nilipoinua kichwa Mama alikuwa ameketi. Fundi alikuwa akifuta miwani ambayo haikuwa na vumbi.

"Umejianika mno," Mama alisema. "Hukuwa na haja ya kusema miaka minne."

"Ndiyo ukweli."

"Basi." Akajifuta mikono kwenye magoti, kama mtu aliyemaliza shughuli. "Jumamosi hakuna wageni. Nitampigia baba yake mdogo simu jioni hii nimwambie wasijisumbue."

Fundi alinitazama tu, safari hii bila miwani, na niliona kwamba ananiona kwa shida na bado hataki kuangalia pengine. Akivumilia kidogo zaidi hivyo, nilijua, nitalia, na sikutaka kulia mbele ya yeyote kati yao.

"Hutampigia," nikamwambia Mama.

"Baada ya haya?"

"Baada ya haya. Wazee waje." Nikamgeukia Fundi kabla uso wake haujapata nafasi ya kufurahi. "Usitabasamu, sijakusamehe. Waje, na kabla hawajafungua mdomo kuniomba, utasimama wewe, mbele ya baba yako mdogo na shangazi yako, useme ulinidanganya miezi minane na kwa nini. Utasema mwenyewe, hutamtuma mtu. Ukimaliza ndipo nitajibu kama nakutaka, na hapo hata mimi sijui nitasema nini."

Aliyameza hayo polepole. Baba yake mdogo ni mzee mkali, aliyemlea tangu akiwa na miaka sita, na hajawahi kumsikia akikiri kosa lolote kwa sababu Fundi hakuwahi kumkosea.

"Nitasema," alisema.

"Na wewe, Mama, utasema lako."

"Mbele ya wageni?"

"Mbele ya wageni. Kwamba ulimtilia chai mtu huku unamchimbia shimo, na shimo lenyewe ukalichimba kwenye kazi ya mwanao."

Karani wa mahakama wa miaka thelathini alitazama rundo la nguo zake kana kwamba humo ndani kuna mtu wa kumtetea. Alipozungumza, sauti yake haikuwa ya kusoma kesi tena.

"Na wewe utawaambia nini hao wazee?"

"Mimi?" Niliikunja karatasi yangu, nikasimama kuipeleka kazini. "Langu litakuwa limeshasomwa na kila mtu tangu Ijumaa."